Watoto Wanne Chini ya Kibanda cha Roland

Mara ya kwanza kumwona jirani yangu Roland akikojolea uzio wake, saa kumi na moja alfajiri, nilidhani amechanganyikiwa. Nilikuwa dirishani nikimnyonyesha Edie, mwanangu wa miezi mitano, na sikuwa na nguvu hata ya kuvuta pazia. Roland, mzee mstaafu wa benki, alikuwa amevaa joho lake la kuogea. Alisogea nguzo kwa nguzo, kidogo hapa, kidogo pale, kama anayemwagilia nyanya.

Saa mbili barua ikadondoka mlangoni kwangu. Hapa mtaani Catford tunaishi ukuta kwa ukuta, nasikia hata anavyopiga chafya, lakini jirani huwezi kumwambia jambo uso kwa uso. Unaandika.

"Mpendwa Shelley. Iwapo umeona jambo lisilo la kawaida bustanini, ni dawa ya mbweha. Mkojo wa mwanaume huwafukuza. Samahani kwa usumbufu. R. Tuffnell."

Mbweha mwenyewe hakupata nakala. Alfajiri iliyofuata alikuja, akanusa nguzo moja moja kwa makini, kisha akakojoa juu ya kila alama ya Roland. Ya mwisho akaimalizia ndani ya kiatu cha bustani cha Roland.

Nilikuwa nimemtazama mbweha huyo mwezi mzima. Mvua ikinyesha, anasimama katikati ya nyasi, kichwa upande, akisikiliza ardhi. Halafu anashusha mdomo na kumkamata nyungunyungu kwa meno ya mbele. Havuti kwa pupa. Anambana tu na kungoja mpaka achoke, atoke mzima. Siku moja alimrukia njiwa juu ya pipa la taka akabaki na mkia mdomoni, njiwa akaenda zake bila mkia. Siku nyingine aliiba boksi la kuku wa kukaanga chini ya gari, akala mpaka boksi. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu, maana kila alichokipata kilikwenda chini ya kibanda cha Roland, kwenye shimo lenye watoto wanne. Wakitoka kunyonya, yeye hulala amefumba macho, wanamkanyaga usoni. Mimi huku dirishani nina matapishi ya maziwa begani. Hakuna kati yetu aliyekuwa amechana nywele.

Barua ya pili ilisema: "Jumamosi saa nne asubuhi nitaziba shimo la chini ya kibanda kwa zege."

Nilifanya lisilofanyika mtaani kwetu. Nilikwenda kubisha hodi.

"Roland, kuna watoto mle ndani."

"Kuna mbweha mle ndani."

"Wanne. Hawajamaliza hata wiki tano."

"Basi niwahi kabla hawajawa wanane."

"Una hasira kwa sababu mkojo wako umedharauliwa."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilikunywa vikombe sita vya chai kwa ajili ya kazi ile, Shelley."

"Niruhusu nijaribu kumhamisha kabla ya Jumamosi. Mwalimu wa darasa langu la jioni la wanyamapori anasema mama mbweha huwa na shimo la akiba. Ukimkera kidogo tu, anawahamisha mwenyewe."

Alifikiri, akafunga mlango. Baada ya dakika kumi ruhusa ikaja kwa maandishi.

Jumatano niliweka nepi chafu za Edie mdomoni mwa shimo, mama mbweha achukie harufu ya watu. Alhamisi nikakuta wanawe wamezivuta na kuzichana, mawaridi ya Roland yamefunikwa pamba nyeupe, na si nyeupe yote. Barua ya tatu ilikuwa na neno moja: "Shelley."

Ijumaa niliweka redio shimoni, kwenye kituo ambacho watu hupiga simu kulalamika kutwa. Mama mbweha alirudi na panya mdomoni, akasimama akimsikiliza bwana mmoja akilaani mashimo ya barabarani, akaondoka na panya wake.

Jumamosi saa tatu mama mbweha akaanza kuhama. Alimtoa wa kwanza kwa ngozi ya shingo, akaruka uzio, akakatiza barabara kuelekea vichaka vya reli, ambako hakuna anayepanda bustani. Akarudi kumchukua wa pili. Kisha wa tatu.

Saa nne kamili Roland alikuwa ameshajaza toroli, na mashine ya kuchanganyia zege inazunguka.

"Wangapi?"

"Watatu. Bado mmoja."

"Niliandika saa nne."

"Najua ulichoandika."

Tulisimama kila mtu upande wake wa uzio, Edie begani kwangu. Aliyebaki ni yule mdogo, ambaye wenzake humsukuma kila akinyonya. Robo saa ikapita. Nusu saa. Nilianza kuwaza kwamba mama huyo amehesabu nguvu zake, akaona watatu wanatosha. Sikumlaumu.

Roland alitazama saa yake. Akaenda akazima mashine.

"Makelele," akasema, kana kwamba nilimuuliza.

"Zege litaganda."

"Naona, Shelley."

Ilikuwa inakaribia saa tano mama mbweha aliporudi, amelowa mpaka tumboni. Hakututazama. Aliingia shimoni, akakaa huko kitambo, akatoka amembeba mdogo kombokombo, mguu mmoja unaburuta. Akauendea uzio, akaruka, akashindwa. Akaanguka nyuma na mtoto wake mdomoni. Akaruka tena. Akashindwa tena, akabaki amesimama, miguu inamtetemeka.

Roland akarudi kinyumenyume hadi lango la pembeni, taratibu, mikono chini. Akalifungua, akajibana ukutani na kuvuta tumbo ndani.

Mama mbweha alipita mbele yake hatua mbili tu kutoka magotini, akavuka barabara, akaingia vichakani.

Tulingoja. Hakurudi, hakuwa na wa kumrudia.

Roland alikwenda kwenye toroli. Sepetu ilikuwa imesimama wima ndani ya zege lililoganda. Aliivuta mara mbili.

"Mgongo wangu," akasema. "Njoo unisaidie."

Nikapita langoni, nikampa Edie amshike, nikaanza kuvuta.