Tangi Moja Hadi Duluth na Kurudi

Verna Tollefsrud aliamka kabla ya mumewe, akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akaenda gereji na pampu na kipima upepo cha matairi mikononi. Ilikuwa baridi ya Februari, ile inayogandisha kope. Gari lake dogo la buluu lilikuwa limechomekwa kwenye umeme tangu jioni, waya ukiipasha injini taratibu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuliacha liungurume uani asubuhi nzima kama alivyozoea Delmar. Verna akajaza upepo matairi yote manne, maana baridi huyalegeza kidogo kidogo, na tairi legevu linafanya gari livute kwa shida. Akaishusha keria ya mtumbwi iliyokuwa juu ya paa tangu kiangazi, isikamate upepo njiani. Kisha akafungua buti, akaanza kuburuta magunia ya mchanga.

Delmar akatokea mlangoni na kikombe cha kahawa.

"We mama Kirsten, mchanga huo unautolea nini? Gari likikosa uzito litateleza kwenye theluji."

"Magurudumu yanayovuta yako mbele, mzee. Wewe umeweka mchanga nyuma. Ni kama kuvaa kofia magotini."

"Baba yangu aliweka mchanga nyuma maisha yake yote!"

"Baba yako alikuwa na pikapu."

Delmar akanywa kahawa yake. Wiki ile alikuwa ametangaza mezani kwamba gari dogo linauzwa. Kisa, linakunywa mafuta kuliko lilivyosifiwa siku waliyolinunua. Kila wakitoka Duluth kwa binti yao Kirsten, lazima waingie sheli kabla ya kufika nyumbani Fergus Falls, mwendo wa saa nne. Pikapu moja inatosha, alisema. Lakini pikapu ilikuwa ya Delmar, na Delmar alikwenda Duluth Krismasi na Pasaka tu. Kirsten alikuwa amejifungua msimu wa majani kupukutika, na Verna alitaka kumshika mjukuu wake Solveig kila wiki. Bila gari lile angemwona kwenye picha tu.

Ndipo akamwekea mumewe sharti. Tangi lijazwe hadi shingoni, waende Duluth na kurudi bila kuongeza hata tone. Wakifika nyumbani, gari linabaki, na hataki kusikia neno tena. Delmar alicheka hadi akakohoa, wakapeana mikono juu ya bakuli la viazi.

Kwenda kulikuwa raha. Verna alishika mwendo mmoja, wala hakuwakimbiza waliompita.

"Hata yule bibi wa kwaya ametupita," Delmar akalalamika. "Amenipungia mkono. Nimeona aibu."

"Mpungie na wewe."

Walipoingia Brainerd, Verna aliiona taa nyekundu kwa mbali, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lijiendee lenyewe. Walipoikaribia, taa ikawaka kijani, wakapita bila kusimama. Pikapu moja iliyokuwa imewapita kwa vishindo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuondoka.

Duluth walifika mshale wa mafuta ukiwa juu ya nusu. Delmar akainama, akautazama, akakigonga kioo chake kwa kidole.

Walilala huko, na kesho yake baada ya chakula cha mchana ukafika wakati wa kuaga. Kwa watu wa jimbo lao la Minnesota kuaga si jambo la kusema na kuondoka. Kwanza mtu hupiga magoti yake kwa viganja na kusema, "Haya basi," na hakuna anayeinuka. Huletwa kahawa nyingine. Baadaye watu husimama, lakini huongea wakiwa wamesimama pale pale sebuleni. Kisha huongea mlangoni wakivaa makoti, kisha kwenye ngazi, kisha kwenye dirisha la gari. Anayetoka mapema huonekana hana adabu au ana kinyongo. Verna amekulia humo, na mama yake kabla yake.

Alikuwa mlangoni, Solveig mikononi, pembeni yake Orpha, mama wa mkwewe, akisimulia habari za goti lake jipya la bandia. Simulizi ilikuwa ndiyo kwanza inafika kwa daktari wa pili. Verna akatupa jicho dirishani, akaona moshi mweupe ukipanda nyuma ya gari lake.

"Delmar! Umeliwasha lini?"

"Pale niliposema haya basi."

"Hiyo ilikuwa kabla ya keki!"

"Si lipate joto? Huwa naliwasha hivyo siku zote."

Siku zote. Verna akahisi damu ikimpanda masikioni. Safari zote zile Delmar alikuwa akililaumu gari, kumbe mafuta yaliishia hapa, gari limesimama, wao wanaongea. Na hakuna aliyewahi kuliona kosa hilo, maana kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na gari linalounguruma nje na wageni waliosimama mlangoni.

Akambusu mjukuu, akamrudisha kwa mama yake.

"Mkwe mwenzangu, habari za goti lako nitazimalizia siku nyingine. Kwaherini."

Orpha akaachwa katikati ya sentensi. Kirsten akamfuata mama yake hadi ngazini. "Mama, umekasirika?"

"Sijakasirika, mwanangu. Nina tangi."

Njiani upepo wa magharibi uliwapiga usoni. Mshale ulishuka chini ya nusu kabla hata ya Aitkin. Delmar akajiegemeza kama aliyekwisha shinda.

"Sheli ile pale. Kahawa yao si mbaya."

"Tulia."

Verna alipunguza mwendo kidogo zaidi, maana upepo ule ukiukimbilia unakulipisha mafuta. Alikuwa hana wasiwasi. Alilijua gari lake na sasa alimjua mwizi. Waliipita Motley. Walipokaribia Henning, taa ya mafuta ikawaka, ya rangi ya chungwa. Delmar akakaa wima. Akanyoosha mkono, akazima vipasha joto vya viti, cha kwake na cha mkewe.

"Mteremko huo," akasema ghafla. "Ondoa mguu! Ondoa! Haya, liache lishuke lenyewe. Hivyo hivyo."

Verna akamtazama kwa pembe ya jicho. "Wewe uko upande gani?"

"Mimi nataka kufika tu."

Underwood palikuwa na sheli ya mwisho, taa zake zimewaka. Verna akapunguza.

"Nisimame? Useme wewe, baba Kirsten. Nikisimama umeshinda."

Delmar akaitazama sheli, akautazama mshale, akamtazama mkewe.

"Simama hapa uone, nitashuka niende kwa miguu."

Verna akacheka, akaendelea.

Waliingia uani kwao, Verna akazima injini papo hapo. Hakuna aliyefungua mlango.

"Gari linabaki," Delmar akasema.

"Najua."

"Lakini Orpha ataisimulia ile kwaheri yako hadi mwaka kesho."

"Nitamwomba radhi Jumanne, nikienda."

"Jumanne mimi nina daktari wa meno."

"Nani amekualika?"