Disketi ya Kamati

Wewe uliliona Soko la Chini pale Malaba. Usikatae. Ulinunua dagaa wa omena kwa Mama Amuron, ukaona alama nyekundu za rangi zilizopigwa juu ya kila kibanda, ukauliza ni za nini. Ulipojibiwa kwamba vibanda vitabomolewa ukasema "pole sana", ukachukua mfuko wako ukaenda zako. Basi leo kaa, usikie mambo yalivyokuwa Ijumaa iliyopita, mwaka huu wa tisini na nane.

Saa moja asubuhi Benedetta Amuge, mpiga chapa, alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta yake, chai imepoa pembeni. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imeachwa na padri aliyerudi kwao, na sasa ilikuwa imewekwa juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate. Benedetta alifunua kitambaa, akabonyeza kidude cha kuwashia. Mashine ikanguruma, ikakohoa, kisha kioo kikaandika kwamba kuna virusi.

"Bado?" akauliza Mama Amuron, mwenyekiti wa wanawake wa soko, aliyekuwa ameketi kwenye kochi na kikapu chake.

"Bado, mama. Na dawa nimeiweka mara tatu."

Dawa ilikuwa disketi moja nyeusi, yenye programu ya kuua virusi, aliyouziwa na Ochuodho wa duka la kompyuta kule Busia. Ochuodho aliapa ni orijino. Kila alipoiingiza, dawa ilisoma, ilisoma, halafu ikagoma: disketi imefungwa, haiwezi kuandika ripoti.

Na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na majina mia moja na sitini na matatu. Jina la kila mfanyabiashara wa Soko la Chini, namba ya kibanda chake, na mwaka alioanza kuuza pale. Kamati ya Kupanga Upya Soko ilitaka kupageuza pawe maegesho ya malori. Mwenye pingamizi, walisema, ajiorodheshe. Wanawake wakajiandika kwenye kitabu cha shule chenye mistari. Kamati ikakichukua "kwenda kukihakiki" na haikukirudisha. Kisha ikaja barua mpya: orodha ya mkono haitakubaliwa. Ipigwe chapa, ijazwe kwenye fomu iliyo ndani ya disketi ya kamati, ifike ofisi ya kamati Amagoro kabla ya saa kumi kamili, Ijumaa. Asiyekuwemo hana kibanda.

Wiki tatu Benedetta alizunguka sokoni akiandika upya, akirudi nyumbani kupiga chapa. Mashine ilianza kuugua siku ile ile ilipomeza disketi ya kamati. Hilo liweke akilini.

"Ngoja nimpigie Ochuodho," alisema.

Kibanda cha simu kilikuwa kando ya barabara, malori ya transiti yamepanga foleni kuelekea daraja la Uganda. Benedetta alilazimika kuziba sikio moja.

"Madam! Habari ya Malaba?"

"Mbaya. Dawa yako inasema imefungwa."

"Ah, hiyo ni kitu kidogo. Geuza disketi. Kwa kona kuna katundu na kidude cheusi. Sukuma hicho kidude kifunike tundu. Hapo itakubali kuandika."

"Si wewe ulisema nisiguse huko kabisa?"

"Hiyo ni ya watu wa kawaida, madam. Wewe ni mtaalamu." Akacheka. "Sukuma tu."

Akarudi, akasukuma kwa ukucha. Kidude kikatoa mlio mdogo, tundu likafunikwa. Safari hii dawa haikugoma. Taa ya kijani iliwaka muda mrefu, mashine ikikwaruza ndani kama panya kwenye dari. Mwishowe kioo kikaandika kwamba kila kitu ni safi.

"Asante Yesu," alisema Mama Amuron, akainuka kuja kuangalia. "Fungua tuone majina."

Jina la faili lilikuwepo. Benedetta alilifungua. Hakukuwa na kitu ndani. Ukurasa mweupe, na kile kimstari kinachowaka na kuzima pembeni.

"Mbona yamepotea?"

"Ngoja, mama. Usiseme kitu." Akainuka. "Nina nakala. Nilijua. Nina nakala."

Alienda chumbani, akatoa disketi ya bluu iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, iliyokuwa chini ya godoro la binti yake Atyang. Ndiyo pekee. Akaitia mdomoni mwa mashine. Na kwa kuwa mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, alifanya kile ambacho mpiga chapa yeyote wa mpaka angefanya: aliipitisha kwanza kwenye dawa, ioshwe.

Dawa ikaiosha. Safi. Alipoifungua, nayo ilikuwa tupu.

Akakaa hivyo, mkono kwenye meza. Ndipo akaelewa. Dawa yenyewe ilikuwa imeambukizwa. Tundu likiwa wazi, virusi havikuweza kuruka kutoka mashine kuingia kwenye disketi ile. Alipolifunika, viliruka, na kuanzia hapo dawa ndiyo iliyokuwa ikiua kila ilichogusa.

Alirudi kwenye simu, saa nne na nusu.

"Ochuodho, dawa yako imefuta kila kitu. Hata nakala."

"Madam, ulisukuma kidude?"

"Wewe ndiye uliyeniambia!"

"Kwa karatasi ya garantii imeandikwa ukisukuma kidude, garantii imekufa. Hata Funyula kuna mtu amenipigia na hiyo story. Sasa mimi nifanye nini? Hiyo dawa ni ya mwaka wa tisini na tano, virusi ni vipya."

"Ulisema ni mpya."

"Kwako ilikuwa mpya, madam." Simu ikakatika.

Mama Amuron alikuwa amesimama nje ya kibanda, kikapu kichwani. Alimtazama Benedetta usoni.

"Mwaka wa sabini na tisa," alisema Mama Amuron polepole, "walituambia tusogee kidogo tu, barabara ipite. Tukasogea. Themanini na sita wakasema tusogee tena, kidogo tu. Mimi nimesogea mpaka nyuma yangu ni choo. Mama Atyang, una kalamu?"

Walianzia kwenye vibanda vya mitumba, wakashuka mpaka kwenye samaki. Kila mtu aliandika mwenyewe kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari jingine: jina, kibanda, mwaka. Asiyejua kuandika alitia kidole kwenye wino wa muhuri wa Benedetta.

"Hii ni ya kura ama?" aliuliza muuza nyanya mmoja.

"Ni ya kibanda chako."

"Basi chukua vidole vyote kumi."

Watu walicheka. Saa nane na dakika ishirini zilikuwa zimepatikana karatasi mia moja na sitini na mbili. Mmoja alikuwa amefiwa, ameenda Angurai.

Benedetta alipanda boda boda hadi Amagoro, karatasi zikiwa ndani ya blauzi yake ili zisipeperuke. Karani wa kamati, Ilukor, alikuwa nyuma ya dirisha dogo akila mandazi.

"Disketi iko wapi?"

"Disketi yenu ilikuwa na virusi, boss. Imeua mashine yangu. Haya hapa majina, kwa mkono wao wenyewe."

"Mkono hatupokei." Akafuta midomo. "Na usiseme yetu ina virusi. Disketi ya kamati haiwezi kuwa na virusi."

"Umeipima?"

"Nipime na nini? Sisi hatuna kompyuta hapa."

Benedetta alidhani amesikia vibaya. Akachungulia ndani. Meza, kalenda, taipureta iliyofunikwa, makabati. Na chini ya kikombe cha chai cha Ilukor, kikiwa na duara la kahawia kwenye jalada, kitabu cha shule chenye mistari.

"Kile ni kitabu chetu."

"Kile ni mali ya kamati sasa."

"Kina majina yote."

"Ya mkono," alisema Ilukor, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. Akaangalia saa. "Mama, nenda nyumbani. Hata mimi nimetumwa tu."

Saa kumi kasoro dakika saba. Benedetta alitoa karatasi kwenye blauzi, zikiwa na joto na jasho lake. Akaweka kiwiko kwenye kizingiti cha dirisha.

"Amuron Anyait," alisoma kwa sauti, akianza na Mama Amuron. "Kibanda cha kwanza. Tangu sabini na mbili."

"Mama, nitafunga."

"Emukule Petero. Kibanda cha pili. Tangu sabini na nne."

Ilukor alifunga dirisha. Watu waliokuwa kwenye foleni ya ofisi za jirani waligeuka. Benedetta aliendelea kuliambia lile dirisha la mbao, jina baada ya jina, sauti ikipasuka na kurudi. Alipofika la thelathini, mzee mmoja wa foleni alivua kofia. Alipofika la mia, mlinzi aliyetumwa kumwondoa alikuwa amesimama tu, kwa sababu la tisini na nane lilikuwa la mama yake.

Alimaliza saa kumi na moja kasorobo. Katika kumbukumbu za kamati, hakuna jina lililopokelewa.

Tingatinga linakuja Jumatatu, saa mbili asubuhi. Sasa umesikia, huwezi tena kusema hukujua. Usiniambie pole. Ondoka hapo ulipoketi, njoo na kalamu, usimame mbele ya kibanda cha kwanza, na uandike jina lako kwenye karatasi ya kibanda hicho, chini ya lile la Amuron Anyait.