Midomo Miwili, Kata Moja

Siku nne kabla ya harusi yangu mdomo ulianza kuwaka. Si mdomo wote, ni pembeni tu, mdomo wa chini upande wa kushoto, palepale panapowaka kila mwaka tangu nilipopata akili ya kukumbuka. Kwanza panawasha, kisha panachoma, na kesho yake vinatokeza vilengelenge vidogo vilivyobanana kama punje za uwele. Nilipapapasa kwa ulimi nikasema kwa sauti, "Mwaka mzima una siku, wewe umeona hizi?"

Kwetu jambo hili halina jina la kutisha. Mtu akitokwa na vilengelenge mdomoni tunasema homa imemtokea, basi, anakwenda zake shambani. Na mimi ningekwenda zangu shambani kama nisingekuwa naolewa na Shilinde, na kama ukoo wao usingekuwa na ile mila ya kata.

Mila yenyewe ni hii. Bibi harusi akifika uani kwa wakwe, shangazi wa bwana harusi anamletea kata ya kibuyu iliyojaa togwa. Bibi anakunywa nusu. Bwana anaipokea, anaweka mdomo wake palepale alipoweka mkewe, anamaliza nusu iliyobaki. Asiyekunywa amemkataa mwenzake mbele ya watu, harusi imekwisha. Walisema wamefanya hivyo tangu misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipumzika Kwihara. Mwaka huo wa 1973 tulikuwa tumekwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama askari, lakini kata walihama nayo.

Nami nilimtaka Shilinde. Ninalisema wazi kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba nilikuwa natafuta sababu ya kumkimbia. Nilimtaka sana. Alikuwa mlinzi wa moto kwenye mabani ya kijiji, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, vidole vyake vyote vina makovu, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, hata ukacheka bila kujua unacheka nini. Mwanamume wa namna hiyo hakimbiwi na mtu mwenye macho.

Asubuhi ya pili nilijifunga kanga mpaka puani nikaenda Tabora kwa miguu, kwenye zahanati moja ya mjini ambako mganga wake, Bwana Hilari, alikuwa mtu wa kueleza mambo bila kukukaripia. Nikamwamkia, nikashusha kanga.

"Homa imekutokea," alisema, na tayari alikuwa anavuta karatasi ya mgonjwa mwingine.

"Homa naijua. Nataka kujua kama naweza kumpa mtu."

Akaweka kalamu chini. "Mtu gani?"

"Mume. Jumamosi."

Alinitazama, akavuta kiti. Akaniambia kwamba kinachotoka mdomoni si homa. Ni kidudu kisichoonekana kwa macho, kikikuingia hakitoki tena mpaka kufa. Kinalala. Ukiugua, ukichomwa na jua, ukichoka, kinaamka.

"Nilikipata wapi?"

"Nani alikulea?"

"Bibi. Alikuwa ananitafunia karanga."

"Basi ni hapo. Wengi wetu tumekipata hivyo, kwa watu waliotupenda. Huenda na huyo mume wako anacho na hajijui."

"Au hana."

"Au hana," alikubali. "Sasa nisikilize. Hatari kubwa ni siku hizi, vikiwa na maji, mpaka magamba yadondoke na ngozi iwe nzima. Usimbusu. Kunywea chombo kimoja hakuambukizi haraka kama busu, lakini kwa kidonda kinachovuja kama hiki mimi nisingekunywa. Usitumbue, nawa mikono, usijiguse macho." Akageuza uso akatazama dirishani. "Na mdomo huo, ukiwa na vidonda, usitembee kwingine mwilini mwa mumeo. Vitaota huko huko. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Vizuri, maana sirudii."

"Na magamba yakishadondoka, hatapata kamwe?"

"Hilo siwezi kukuapia. Mara nyingine kidudu hutoka kimyakimya bila kidonda chochote. Hatari inakuwa ndogo, lakini ipo. Mwambie, achague mwenyewe."

Achague mwenyewe. Nilirudi na maneno hayo njia nzima. Nilipita Kanyenye, dukani kwa Dolatbai, nikanunua vikombe viwili vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Dolatbai aliuliza mbona sichukui seti ya sita kama bibi harusi wengine. Nikamjibu kwamba midomo inayonihusu ni miwili.

Bibi harusi haruhusiwi kuonwa na bwana harusi wiki ile. Nilikwenda kumwona mchana kweupe, pale bani, anachochea kuni. Aliruka kama ameona chui.

"Nyamizi! Shangazi akikuona!"

"Aone. Tazama hapa." Nikashusha kanga.

"Homa tu hiyo," akacheka. "Nilidhani umekuja kuvunja harusi."

Nikamweleza yote, neno kwa neno la Bwana Hilari, hata lile la dirishani, ingawa nililisema nikitazama moto. Nikamwambia Jumamosi nitakunywa kwa kikombe changu na yeye kwa chake. Kadiri nilivyosema ndivyo kicheko chake kilivyopungua. Nilipomaliza alikuwa ameshika ukuni mkononi na hauweki popote.

"Kwa hiyo unapewa na mtu," alisema.

"Ndiyo."

"Nani alikupa?"

Sijui kama mwanamume anajua swali hilo linaingia wapi. Nilitembea saa nne, kwenda na kurudi, kwa ajili ya mdomo wake. Nilivunja mwiko ili nimwambie ukweli ambao wenzangu wote huuficha chini ya kanga. Malipo yangu yakawa hayo.

"Bibi yangu," nilimjibu. "Alikuwa hana meno mengi na alinipenda. Ukitaka kumuuliza, kaburi lake liko Ntalikwa."

"Mimi nauliza tu."

"Hukuuliza tu."

Akatupa ukuni motoni. "Nyamizi, Jumamosi kunywa kata kama wenzio, yaishe. Watu watasema nini?"

"Watasema. Mimi sinywi."

Nikaondoka. Nililia njiani, na nililia kwa hasira, kwa sababu hata nikiwa na hasira naye bado nilimtaka.

Jumamosi uani kwa kina Shilinde palikuwa hapatoshi. Baba yangu, mzee Dionis, alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Shangazi Milembe, dada ya marehemu baba yake Shilinde, ndiye aliyeshika kata. Huyu mama hukosi kumjua kwenye mkutano wowote: wa kwanza kufika, wa mwisho kunyamaza. Mwaka huo redio ilikuwa inatufundisha afya, kila kikundi cha wasikilizaji na kiongozi wake, na Shangazi alikuwa kiongozi wa chetu. Tena kuna bwana afya alipita kijijini na picha kubwa za kitambaa za magonjwa ya zinaa. Shangazi alikaa mbele kabisa. Alichotoka nacho ni picha moja, ya mdomo wenye kidonda cha kaswende, na tangu siku hiyo hakukuwa na mdomo uliopita mbele yake bila kukaguliwa.

Akaniletea kata. Kanga yangu ilikuwa mabegani, uso wazi. Niliapa sitaufunika.

"Pokea, mwali, unywe."

"Ahsante, Shangazi. Nina kikombe changu na cha mume wangu hapa. Tutilie humo." Nikavitoa kwenye kikapu. "Mdomo wangu unaumwa. Kidonda hiki kinaambukiza. Sitaki kumpa."

Shangazi akainama, akanitazama mdomo kwa karibu kama anayenunua ng'ombe mnadani, akaruka nyuma.

"Mayu we! Ni kile! Kile cha kwenye picha! Kaswende!"

Basi tena. Wanawake walishika watoto wao. Mtu mmoja akatema mate. Baba alinijia, uso umemshuka, akaninong'oneza, "Mwanangu, kama umekwenda kwa mganga, onyesha cheti, tuokoe uso."

"Sina cheti, baba. Na ningekuwa nacho nisingekitoa. Shangazi hajaonyesha cha kwake."

"Nyamizi!"

"Kaswende haichomi hivi, baba, na hairudi kila mwaka palepale tangu mtoto ana miaka mitano. Bwana Hilari kanieleza. Wewe mwenyewe ulikuwa unanipaka mafuta ya kondoo." Kisha nikageuka, kwa sababu hasira ilikuwa imeshapanda na nikaona heri isipotee bure. "Balozi Kornel, shikamoo. Mwezi wa pili ulikuja kutuhimiza kilimo umefunga leso mdomoni. Ilikuwa nini?"

Balozi, mkuu wa nyumba zetu kumi, akakohoa. "Homa ilinitokea."

"Na wewe uliyetema mate hapo, wakati wa kuvuna karanga mdomo wako ulikuwaje? Na wewe Shangazi, nakuheshimu, lakini msimu wa kukata tumbaku ulikunywa uji kwa mrija wa jani la boga siku tatu. Sisi wote tulikuona. Ya kwenu homa, ya kwangu kaswende. Kwa nini? Kwa sababu mimi nimesema."

Watu wakaanza kujigusa midomo bila kujua. Msichana mmoja alicheka akapigwa kofi. Shangazi Milembe alivimba lakini hakushusha kata.

"Mwenye mdomo mrefu hana mume," alisema. "Unywe au urudi kwenu."

Hapo Shilinde akasimama. Alipita katikati ya watu, akaichukua kata mikononi mwa shangazi yake, akaiinua wote waione.

"Mpeni anywe," alisema kwa sauti kubwa. "Nami nitakunywa alipoweka mdomo. Akiwa na ugonjwa, na uwe wangu. Mimi siogopi!"

Vigelegele! Wanaume walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Alikuwa amependeza, siwezi kusema uongo, na alijua kwamba amependeza. Alinisogezea kata mdomoni akitabasamu, na nyuma ya tabasamu niliona ananiomba: kunywa, yaishe.

Ilikuwa rahisi. Mafunda mawili tu, na mwanamume niliyemtaka angekuwa wangu, na kijiji kizima kingetusifu.

Niliipokea kata. Vigelegele vikazidi. Nikamimina togwa kwenye kikombe kimoja, nikamimina kwenye cha pili, mpaka kata ikakauka, nikamrudishia Shangazi Milembe. Vigelegele vilikatika kama kuku aliyekamatwa shingo.

"Wewe huogopi," nilimwambia Shilinde. "Mimi naogopa, na mdomo ni wangu. Siku moja kidonda kitakauka na utachagua mwenyewe, ukijua yote niliyokwambia. Leo huchagui, leo unapigiwa makofi. Na kabla hujagusa kikombe, waambie watu hawa uliniuliza nini pale bani."

Rangi ilimtoka. "Nyamizi, hapa?"

"Hapa. Mbona ushujaa ulikuwa wa hapa?"

Alitazama chini. Baba yangu alikuwa ameshaanza kufunga vifungo vya koti, ishara ya mtu anayejiandaa kuondoka, nami nilikuwa tayari kuondoka naye.

"Nilimuuliza nani alimpa," alisema Shilinde. Sauti yake sasa haikuwa ya kusikiwa na kijiji. "Alikuwa ametoka mjini kwa miguu kwa ajili yangu. Nami nikamuuliza hivyo. Nilijua jibu. Nilitaka tu aone haya kuliko nilivyoona mimi kwa kuogopa watu."

Hakuna aliyepiga makofi. Alichukua kikombe, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, na mimi nikanywa changu, togwa ikanichoma kidonda mpaka machozi yakanitoka. Shangazi Milembe aliikumbatia kata yake akasema hiyo si ndoa, hajawahi kuona ndoa ya namna hiyo, akaingia ndani. Balozi Kornel alisema kwa upande wake yeye ameona watu wawili wamekunywa togwa, na kwamba wali unapoa.

Tukakaa kwenye mkeka, yeye kushoto, mimi kulia, nafasi ya mtu wa tatu katikati yetu. Watu walikula wakituangalia. Baada ya muda mrefu aliinama kidogo kwangu, asisogee, akanong'ona kwa sauti ambayo nadhani nusu ya uani waliisikia.

"Sasa lini?"

Nilimaliza kwanza tonge langu.

"Nitakapokwambia mimi," nikasema.