Sanda ya Nailoni

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe saba Agosti, siku ambayo Blia alipanga kuvuna. Shamba lake lilikuwa kipande tu nyuma ya banda la nguruwe, na mimea ilikuwa imempita kimo. Ilikuwa ile jamaa ya bangi yenye nyuzi, ambayo Wahmong, watu wa kabila la mlima ule, walifuma nguo kwa mabua yake tangu nchi haijajua mpaka wake uko wapi. Maua Blia aliyapika polepole katika mafuta ya nguruwe, akayachuja, akajitilia matone chini ya ulimi. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Matone hayakumlewesha wala kumchekesha. Yalifanya kifafa kije kwa nadra, basi.

Askari wa misitu walifika kabla wali haujaiva. Mkuu wao aliitwa Wirot.

"Bangi hii," alisema.

"Si bangi, mkuu. Ni nguo," akajibu Nhia Tou, mumewe Blia.

"Nguo? Haya, vaa." Akampiga kitako cha bunduki mdomoni.

Wakafyeka, wakamwaga petroli, wakawasha. Chupa ya mafuta waliiponda kwa buti. Nhia Tou alikuwa chini, kiatu shingoni, kifafa kilipomshika mkewe. Blia alipiga kichwa kwenye mafiga, akapiga tena, na tena.

"Mke wangu anakufa!"

"Anaigiza," alisema Wirot. "Mpeni zawadi."

Blia alikata roho moto wa shambani ukiwa bado unawaka.

Maiti wa Kihmong huvalishwa nguo ya nyuzi hizo ili wazee waliotangulia wamtambue. Nguo aliyojiwekea, Blia alikuwa amemzikia mama mkwe. Majirani nao walikuwa wamechomewa, mitambo ya kufumia na yote. Wakamzika kwa sketi ya nailoni ya sokoni, nzuri, yenye nakshi za kuchapwa mashine.

Jioni ya kesho yake Blia alirudi kutoka kwa wafu, akaketi jikoni. Paji la uso lilikuwa limepasuka.

"Wamenipiga mawe," alisema.

"Nani?"

"Wazee wa kwenu. Wanauliza huyu mgeni wa nailoni katoka wapi. Babu yako ndiye mwenye shabaha."

Nhia Tou akachemsha maji ya chumvi, akamwosha. Vidonda vya wafu havitoki damu, lakini hubaki wazi. Siku ya pili alirudi bega limeteguka. Siku nyingine mbwa wa mababu walikuwa wamemng'oa sikio, akaja nalo mkononi. Kifafa nacho hakikumwacha. Kilimbwaga pale pale jikoni, sufuria zikaruka. Mumewe alizoea kumwekea mto. Alichoogopa ni kwamba mababu walikuwa wakimpunguza kidogo kidogo, na hakujua mtu akifa mara ya pili huenda wapi.

Kisha wakubwa wakabadilisha sheria. Kilichokuwa haramu kwa maskini kikawa biashara kwa wenye vibali. Kampuni ikazungushia bonde seng'enge, ikapanda mmea ule ule, na Wirot, aliyekwisha kustaafu, ikamfanya msimamizi. Walichotaka ni maua, kwa ajili ya CBD, dawa iliyomo ndani yake. Mabua waliyachoma kila Ijumaa, polisi wakisimamia. Ndivyo kibali kilivyosema.

Ijumaa moja Nhia Tou akaenda getini. Mlinzi alikuwa Kou, mtoto wa mdogo wake.

"Baba mkubwa, rudi nyumbani."

"Mzigo mmoja tu, mwanangu. Nimfumie mama yako mkubwa."

"Najua. Juzi kapita hapa, sikio mkononi. Nikamwamkia. Lakini nikikupa bua moja, kazi sina."

"Basi nitachukua mwenyewe."

Akaruka seng'enge, akauingia moto, akatoka na fungu linalofuka. Kou alimvunja mkono kwa rungu. Fungu akalirudisha motoni, akampakia baba yake mkubwa kwenye pikipiki, akamfikisha kwake, akamwomba radhi, akarudi zamu.

Mwezi uliofuata watu wote waliitwa uwanja wa shule kuelimishwa. Wirot alisimama na kichupa cha bei ya nguruwe mzima.

"CBD haileweshi mtu," alisema. "Inatuliza mishipa ya fahamu. Kuna aina za kifafa inazopunguza. Haifai kuzima kifafa kilichokwisha kuanza. Inaweza kukupa usingizi, kukuharisha, kukusumbua ini. Na kama unameza dawa nyingine, muulize daktari kwanza."

Hakusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililomuuma Nhia Tou.

Blia aliketi kiti cha mbele, ameshika taya, maana asubuhi hiyo mababu walikuwa wamelivunja. Kifafa kikamwangusha. Kichwa kiligonga saruji, viti vikapinduka, jino likaruka hadi kwenye glasi ya mgeni rasmi. Hakuna aliyepiga ukelele, wote walimjua. Wirot alipiga magoti, akamtilia matone shavuni. Kifafa kikaisha, kama kawaida yake, kwa muda wake chenyewe.

"Mnaona?" alisema Wirot, na watu wakapiga makofi. Mpiga picha akamwomba Blia ageuze upande wenye sikio.

"Kuna swali?"

Blia akanyoosha mkono. Aliongea taratibu, akilishikilia taya.

"Maua chukueni, mkuu. Mabua ndiyo nauliza. Mnayachoma kila wiki, na mimi huko napigwa. Mabua yana kosa gani?"

Wirot akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akamtazama Kou, na Kou akatazama viatu vyake. Mgeni rasmi akalitoa jino kwa kijiko, akasema hilo ni swali zuri sana, na soda zikaanza kugawiwa. Ilikuwa Ijumaa. Moshi wa bondeni ulipita juu ya uwanja, watu wakafunika chupa zao kwa viganja.

Nhia Tou alisimama, mkono mmoja kwenye bandeji.

"Mkuu, mama kakuuliza. Mabua yana kosa gani?"