Swali la Kumi na Moja

Kisu cha Nyamburi kilikuwa kikiteremka kwenye muhogo, ganda likianguka refu bila kukatika, na yeye akinijibu bila kuinua macho. Nilipojumlisha, alama zake zilikuwa za juu kuliko za mtu yeyote niliyewahi kumhoji.

Mwaka ule nilizunguka Bunda, Butiama na vijiji vya Musoma na dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza. Lilipima utulivu wa akili: kama mtu yupo kweli katika jambo analolifanya. Sisi tulitakiwa kuthibitisha kwamba kwa Kiswahili linapima kitu kilekile. Watu mia tatu walikuwa wameshajibu.

Swali la kumi na moja liliuliza kama akili yako hutangatanga ukiwa kazini. Nyamburi alisema haijawahi. Nikaweka tiki, na nilipomaliza nikampongeza: ni wachache, nilimwambia, wenye akili iliyotulia hivyo.

Kisu kikasimama.

"Haitangatangi, mwanangu. Iko Buhemba. Haitokagi huko."

Mwanawe, Mwikwabe, alifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya Buhemba miaka minne iliyopita. Hawakumtoa. Akipalilia, akipika, akiwa kanisani, akili yake imekaa palepale juu ya shimo. Na mimi nilikuwa nimempongeza. Nilirudi mjini na aibu hiyo kifuani.

Ofisini kwetu Kitaji, Dokta Stanslaus, kiongozi wa utafiti, alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha takwimu: swali lilikuwa limekaa vizuri, na mtu mmoja haangushi mia tatu. Ripoti ilitakiwa baada ya wiki mbili.

"Tumewahesabu, Dokta," nikasema. "Hatujawauliza walimaanisha nini."

Akavua miwani. Akanipa wiki moja na watu ishirini.

Nilianzia Bunda, nikamalizia Butiama, wakati mwingine kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Sikuuliza namba. Niliuliza tu: uliposema haitangatangi, ulikuwa unafikiria nini? Saba kati ya ishirini walikuwa kama Nyamburi. Magige, fundi cherehani, akili yake ilikuwa wodini kwa mkewe. Wote tulikuwa tumewaandika watulivu.

Ripoti ilichelewa mwezi mzima. Dokta aliwaandikia wafadhili barua ya kuomba radhi kwa mkono wake, na swali tukalitunga upya, mimi na yeye, siku tatu tukibishania neno moja moja.

Nilirudi Bugwema, kijijini kwa Nyamburi, siku ya Jumamosi. Nyamburi alikuwa anapukuchua mahindi. Tukaanza dodoso upya, na kwenye swali la kumi na moja nikamsomea: "Mikono yangu iko kwenye kazi, lakini mimi mwenyewe niko kwingine."

Akaweka gunzi chini.

"Hiyo ni kila siku," akasema.

Nikaandika. Akasogeza ungo kunipisha kwenye mkeka, akauliza yamebaki mangapi.

"Tisa, mama."

"Haya. Soma."