Bega la Kushoto

Koti lilikuwa limetundikwa ukutani, juu ya cherehani, nalo lilikuwa na kasoro moja ambayo Fundi aliiona hata kabla hajafungua dirisha la pili: bega la kushoto lilikuwa limelala. Alikuwa amelishona mwenyewe, kitambaa cha rangi ya majivu na bitana ya kuteleza, ili mdogo wake alivae mahakamani alasiri ya siku hiyo. Jana jioni aliliacha likiwa limesimama kama askari wa gwaride. Asubuhi hii lilifanana na mtu aliyebebeshwa gunia upande mmoja.

Fundi hakuhitaji kupiga ramli. Mwenye ufunguo wa pili wa karakana alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amejikunyata chini ya meza ya kukatia nguo, amejifunika mabaki ya vitambaa, meno yakimgongana.

"Chelewa," aliita. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu alizaliwa baada ya wazazi kukata tamaa ya kupata mtoto wa pili, na tangu siku hiyo hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. "Toka huko chini. Umelifanya nini koti?"

Chelewa alitoka akitambaa. Machozi yalimtiririka ingawa hakuwa akilia, pua ilimchuruzika, na ngozi ya mikono ilikuwa imemsimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Arosto ilikuwa imemkamata barabara; hayo ndiyo mateso yanayompata mtu aliyezoea unga wa heroini anapoukosa, na Fundi aliyafahamu kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuyapitia. Kijana alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sponji, kimekatwa kutoka kwenye bega la koti.

"Dada, nisikilize kwanza, ugombe baadaye."

"Naweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Sema."

"Leo si unakwenda kunywa dawa yako? Ukipewa, usimeze yote. Sponji hii iweke shavuni, ifyonze, uje unikamulie hapa. Kidogo tu. Nikishatulia nitaoga, nitavaa koti, nitakwenda kliniki kama mtu mwenye adabu zake, wanianzishie matibabu. Nikienda hivi nilivyo watanifukuza getini."

Hapo ndipo palipokuwa na mzigo wote wa siku ile. Chelewa alikuwa amekamatwa na kete moja ya unga mfukoni. Hakimu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimweleza kwamba muuzaji angekwenda moja kwa moja gerezani, lakini mtumiaji sheria ilimruhusu kuchagua: aanze matibabu kabla ya kesi yake kuitwa tena, au atumikie kifungo. Kesi ilikuwa inaitwa tena alasiri hiyo. Muda wote aliopewa, Chelewa alikuwa akisema kesho.

"Unaelewa ulichoniomba?" Fundi aliuliza. "Dawa ile ikishuka kooni mwangu ni tiba. Ikitoka kinywani mwangu kuingia kinywani mwako, mbele ya sheria mimi ni mgawaji, na mgawaji haambiwi achague. Tena dozi yangu imepandishwa polepole kwa kipimo cha mwili wangu mimi. Wewe hujapimwa. Ukiichanganya na vile vidonge unavyodhani sivijui, unaweza kulala usiamke."

Chelewa aliinamisha kichwa. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Mimi nilikuletea, Dada. Ulipokuwa ukigaagaa sakafuni, Mama akipiga dua chumba cha pili, nani aliyetoka kukutafutia? Mimi. Sikukuuliza sheria."

Neno hilo lilimwingia. Fundi alikitazama kiganja kile chenye sponji.

"Uliniletea," alisema. "Nikatulia mpaka jioni, na jioni nikakutuma tena. Hebu lete hiyo sponji."

Aliichukua, akaitia mfukoni, na Chelewa akashusha pumzi akidhani amekubaliwa. Fundi hakumsahihisha. Kabla ya kuondoka alijaza makaa mekundu ndani ya pasi yake kubwa ya chuma, akaifunga kifuniko, akaiweka juu ya kigae.

"Unapiga pasi nini, nawe unaondoka?" Chelewa aliuliza.

"Ya kwangu nayajua mwenyewe. Kaa hapo. Usiguse kitu."

Kliniki haikuwa mbali. Kila asubuhi watu walipanga foleni mbele ya dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo hizo aliketi muuguzi ambaye wote walimwita Sista, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni na utaratibu usiopindika. Ulikuwa unapewa methadoni, dawa ya maji inayotuliza arosto, katika kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, unapewa maji, unakunywa, kisha anakwambia, "Sema." Hapo sharti useme jambo zima, lenye mwanzo na mwisho, kwa sababu mwenye dawa shavuni hawezi kusema vizuri. Mwanzoni wagonjwa waliona ni udhalilishaji. Baadaye wakaufanya mchezo. Mbele ya Fundi alikuwapo mpaka rangi mmoja ambaye kila siku alimsimulia Sista kipande kimoja cha ugomvi wake na jogoo wa jirani, na foleni nzima ilinyamaza ili isikie.

"Leo amehamia juu ya paa langu," mpaka rangi alisema baada ya kumeza. "Nimempelekea ngazi ashuke, akaidonoa."

"Umemeza. Nenda," Sista alisema, nyuma watu wakaguna kwa kutaka zaidi.

Ikafika zamu ya Fundi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, vidole vikiifinyanga sponji. Aliwaza mambo mawili kwa mara moja: pingu mikononi mwa mdogo wake, na sakafu ile ya zamani. Akautoa mkono mtupu, akapokea kikombe, akanywa, akameza. Akanywa na maji.

"Sema."

"Sista, mtu akija hapa kuanza dawa huku anatetemeka na pua inamchuruzika, mnamfukuza?"

Sista alivaa miwani yake ili amtazame vizuri. "Nani amekwambia hayo?"

"Hakuna. Mimi nilianzishiwa wodini, nikiwa sijitambui. Taratibu za dirishani sizijui."

"Basi zijue. Asiyetetemeka ndiye ninayemrudisha nyumbani. Mtu akija ametulia, maana yake kuna kitu mwilini mwake, nami siwezi kumwongezea juu yake, naweza kumuua. Dozi ya kwanza hutolewa arosto ikionekana kwa macho. Ni nani huyo?"

"Mdogo wangu. Yuko karakanani. Mahakama inamtaka leo awe ameanza."

"Mlete kabla sijafunga dirisha. Asile kidonge, asivute, asinuse hata ugoro. Akinusa tu kitu, leo hii hapati dozi."

Fundi aliondoka kwa hatua ambazo hazikumfaa mwanamke wa umri wake, na hakujali. Dawa ya sponji aliyoiomba Chelewa ndiyo ambayo ingemfunga. Kijana alitaka kuuficha ugonjwa wake mbele ya watu pekee waliohitaji kuuona.

Alimkuta mdogo wake katikati ya karakana, amezungushia mikono yote miwili matambara mazito, ameinama juu ya pasi, akiipuliza. Cherehani ilikuwa imekazwa mezani kwa boliti, mikasi Fundi alikuwa ameondoka nayo kwenye mkoba, na koti begani. Kitu cha kuuza kilikuwa hicho kimoja.

"Haijapoa?" Fundi aliuliza kutoka mlangoni.

Chelewa aliruka. "Nilikuwa... nilitaka kuisogeza."

"Mpaka kwa yule anayekuuzia kete. Nimekaa na mateja, nimekuwa teja, nakujua ulivyo. Ndiyo maana niliijaza makaa. Umemeza chochote?"

"Sina hata cha kumeza, Dada."

"Vizuri. Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote uliyosema mwaka huu. Inuka."

"Ile dawa iko wapi?"

"Tumboni mwangu. Inuka, Chelewa, nenda hivyohivyo na kamasi zako. Usijifute. Leo ndizo zinazokupeleka."

Alimweleza njiani, akimshika kiwiko, na kijana alisikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma siku zote ulikuwa wa kuvuta. Mara mbili alisimama kutapika pembeni ya barabara. Mara zote mbili Fundi alimsubiri, akiwakazia macho wapita njia mpaka wakaona aibu wao.

Sista alimwangalia mboni za macho, akamshika mapigo, akampapasa ngozi ya mkono, akampima mkojo, akamuuliza juu ya vidonge mpaka akapata jibu la kweli. Kisha akampimia dawa kidogo sana. Chelewa alikunywa. Akanywa maji.

"Sema."

Kijana alikamata nondo za dirisha. "Dada yangu alinishonea koti zuri, nami nikaliharibu bega."

"Umemeza," Sista alisema, akainua simu ya mezani na kumpigia afisa wa mahakama. Wote wawili walimsikia akitamka jina kamili la Chelewa, kisha neno moja: "Ameanza."

Kwa kuwa ilikuwa dozi ya kwanza, aliamriwa akae kwenye benchi la nje ili aangaliwe. Fundi hakukaa bure. Alikuwa amelibeba koti begani. Alifumua mshono, akatoa sponji mfukoni, akairudisha mahali pake, akashona kwa mkono, mshono mdogomdogo usioonekana. Alipomaliza, meno ya Chelewa yalikuwa yameacha kugongana.

"Vaa."

Alivaa. "Naona bega la kushoto bado liko chini."

"Hilo si koti, ni wewe. Simama sawasawa."

Alisimama. Waliruhusiwa kuondoka, wakaenda taratibu, na walipofika mahakamani wakakuta ukumbi umefungwa. Karani aliyekuwa akila chakula chake ngazini aliwatazama kwa mshangao.

"Bado sana," alisema. "Mmewahi mno."

Chelewa alimgeukia dada yake, mdomo wazi.

"Usinitazame hivyo," Fundi alisema, akimvuta waketi kivulini. "Na wewe utazoea."