Pua ya Mzee Naftali

Naftali alipoteza pua yake mwaka tisini na moja, gari la hoteli lilipoacha njia karibu na Usa River na kichwa chake kikagonga dirisha. Uso ulipona, hata kovu halikubaki. Kilichokufa ni harufu, na ladha ikaifuata. Alibaki anajua moto na baridi, kigumu na laini, na mwasho wa pilipili. Chumvi na sukari kwake vilikuwa mchanga mmoja.

Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja kule Momela, na mpishi asiyejua chumvi hana kazi. Kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote ila Agnela, msaidizi wake. Agnela alikuwa mjane wa Machame, mwanamke mkimya mwenye mikono myepesi, na kwa miaka sita alionja kwa niaba yake. Walikuwa na ishara zao. Akigonga ukingo wa sufuria mara moja, chumvi imetosha. Mara mbili, ongeza. Akifuta mikono kwenye aproni, toa motoni. Wageni waliisifu supu ya Mzee Naftali, Mzee Naftali alizipokea sifa, na jioni alimtengea Agnela kipande kizuri cha nyama awapelekee wanawe. Kila mmoja aliona amepata chake.

Kisha shirika la umma likaiuza hoteli. Tajiri aliyeinunua alimleta meneja kijana, Allen, aliyesomea kazi hiyo Nairobi na aliyependa sana neno "kupunguza". Walipunguzwa watunza bustani, wakapunguzwa wafua nguo, na mwezi wa tisa mwaka tisini na saba akawaita ofisini wapishi wawili waliobaki.

"Jiko litabaki na mpishi mmoja," alisema. "Jumamosi kuna wageni wanne wanakwenda Sekei kwa Mama Elvira kujifunza chakula cha Meksiko. Wamarekani wanakiulizia kila siku. Mtakwenda nao, sokoni na jikoni. Na mimi nitakuwepo, niangalie."

"Utaangalia nini, meneja?" Agnela aliuliza.

"Nani kati yenu ni mpishi."

Mama Elvira alikuwa Mmeksiko, mke wa mtaalamu wa mbegu za mahindi. Kila Jumamosi aliwachukua wasafiri waliosubiri safari za mbugani, akawatembeza soko la Tengeru, halafu akawafundisha kupika nyumbani kwake. Kiswahili alikuwa amefundishwa na wauza nyanya, kwa hiyo alijua kupatana bei kabla ya kujua kusalimia.

Siku hiyo alitangulia mbele na kikapu chake, wageni wakimfuata na kamera zao, Allen nyuma yao na kijitabu mkononi. Mama Elvira alionyesha mahindi meupe, ufuta, karanga, nyanya ndogo za mviringo. Walipofika kwenye magunia ya pilipili kavu, alichota konzi tatu, kila moja gunia lake, akawapa wapishi.

"Moja tu ndiyo nzuri," alisema. "Nichagulieni."

Naftali alizivunja moja moja, akazinusa kwa utaratibu, macho ameyafumba nusu, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Agnela alikuwa amesimama begani kwake.

"Ya katikati," alinong'ona. "Ya kwanza ina ukungu."

"Hii ya katikati," Naftali alisema.

Mama Elvira alicheka kwa furaha. "Mzee ana pua."

Allen akaandika.

Mmoja wa wageni, bibi mwenye kofia pana, aliuliza kitu kwa Kiingereza. Allen akatafsiri: bibi huyu hajasahau mtori aliokula juzi usiku, angependa kujua ni nani aliyeupika. Juzi Naftali hakuwepo kabisa. Alikuwa kwenye mazishi Poli, na Agnela alikuwa amepika peke yake, kuanzia kumenya ndizi mpaka kuupakua.

"Mimi," Naftali alisema.

"Na huyu dada?"

"Huyu anamenya na kuosha." Aliona Allen bado ameshika kalamu. "Ni mchapakazi, siwezi kumsema vibaya. Lakini ukimwachia jiko peke yake, wageni watakimbia."

Alilisema kwa Kiswahili, Agnela akiwa hatua mbili kutoka hapo na vitunguu mkononi. Allen aliandika tena, safari hii kwa urefu. Agnela aliendelea kuchagua vitunguu. Alichagua vizuri, vigumu, visivyochipua, akavilipia.

Walipokuwa wanapita penye wauza mkaa, Naftali alipunguza mwendo mpaka wakawa pamoja.

"Agnela, najua umenielewa. Nina miaka hamsini na minne. Nani atanichukua mimi? Wewe una nguvu bado. Utapata mahali."

"Nimekuelewa, Baba Hope," alisema.

Na kweli alikuwa amemwelewa. Hilo ndilo jambo alilokuja kujikumbusha baadaye, kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa ameona tu kwamba kumbe mlango haukuwa na kufuli siku zote, ni yeye mwenyewe aliyekuwa ameushikilia usifunguke.

Jiko la Mama Elvira lilikuwa kubwa, na dirisha lake lilielekea migomba ya jirani. Mahindi yalikuwa yamelala usiku kucha kwenye maji ya chokaa. Waliyamenya maganda, wakayasaga, wakakanda donge na kuligandamiza likawa vichapati vyembamba. Wageni walivichana, wakacheka, wakaanza upya. Naftali alivifinyanga vyake vikatoka duara kamili, maana mikono yake haikuwa imepoteza kitu.

Ikafika zamu ya mchuzi.

"Mchuzi huu roho yake ni pilipili kavu," Mama Elvira alisema. "Unazikaanga bila mafuta. Tangu mwanzo ni nyeusi, kwa hiyo macho hayakusaidii. Unanusa. Zikianza kunukia kama tumbaku mbichi, unatoa hapo hapo. Ukichelewa kidogo zinaungua, na mchuzi wote unakuwa shubiri. Moshi utawasha macho na mtakohoa. Msiogope, ndivyo ilivyo."

Aliweka vikaango viwili motoni, kimoja kwa Naftali na kimoja kwa Agnela. Wageni walikusanyika nyuma yao. Allen aliegemea mlango.

Pilipili zilianza kutatarika. Harufu ilipanda, kali kwanza, kisha tamu, kisha ikaja ile ya tumbaku. Agnela alimimina zake kwenye bakuli. Naftali aligeuza macho akamtazama.

Agnela naye alimtazama. Mikono yake ilikuwa imeshika bakuli, na hakuliweka chini.

Naftali alikoroga. Alisubiri. Alimpa hata tabasamu dogo, lile la jikoni kwao Momela saa za wageni wengi, la kusema nipo, niambie. Harufu ikageuka. Bibi mwenye kofia aliziba pua kwa leso. Mwingine alikohoa, akakimbilia dirishani. Moshi ulimwasha Naftali macho, machozi yakamtoka, lakini alikuwa ameambiwa yangemtoka, na watu wangekohoa. Kwa hiyo aliendelea kukoroga makaa na kuitazama mikono ya Agnela.

Mama Elvira alimpokonya kikaango. "Zimeungua, mzee. Zimeungua zamani. Husikii harufu?"

"Nasikia," Naftali alisema. "Nilikuwa naingojea ile ya tumbaku."

Allen aliondoka mlangoni, akaja taratibu. Alichukua punje ya kitunguu saumu, akaivunja kwa kucha.

"Mzee, fumba macho."

"Ya nini, meneja?"

"Fumba tu. Mchezo mdogo."

Naftali alifumba. Allen alimsogezea kitunguu saumu puani. "Nini hii?"

"Tangawizi."

Wageni walidhani ni sehemu ya somo. Mmoja wao alicheka, akainua kamera. Allen aliokota tambara la kuwashia jiko, lililolowa mafuta ya taa, akalipitisha chini ya pua ile ile.

"Na hii?"

Naftali alivuta pumzi ndefu. Kifua kilimpanda. "Limau," alisema. "Au ganda la limau."

Sasa walicheka wote wanne. Allen hakucheka. Alichukua kijiko, akakichovya kwenye beseni la kuoshea vyombo, kikatoka na povu. Agnela aliliona povu. Alikuwa karibu kuliko watu wote. Angeweza kunyoosha mkono akakipiga kijiko kikaanguka.

"Onja," Allen alisema.

Naftali alionja kama anavyoonja mpishi wa zamani, ulimi nyuma ya meno, shavu hili kisha shavu lile. Alichukua muda. Alikuwa anatafuta jibu kwa kitu pekee kilichobaki, yaani jinsi kitu kinavyoteleza mdomoni.

"Ni supu ya kuku," alisema. "Nzuri. Labda mafuta yamezidi kidogo."

Kicheko kilikatika pale Mama Elvira alipokichukua kijiko mkononi mwa Allen. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya chini, "Toka jikoni kwangu." Allen alitoka, akaenda kukaa kwenye gari. Naftali alifumbua macho. Aliona povu kwenye kijiko, akalitazama, akaenda kwenye bomba na kusukutua mdomo bila haraka.

Somo liliendelea, maana wageni walikuwa wamelipia. Pilipili za Agnela zilisagwa na karanga na ufuta, mchuzi ukaiva mwekundu uliokolea, na kila mtu alisema hajawahi kula kitu kama hicho. Agnela mwenyewe alikula vichapati vitatu. Naftali alikaa mwisho wa meza, akamaliza kila kitu kilichokuwa kwenye sahani yake, akafuta mdomo, akamshukuru mwenye nyumba.

Njiani kurudi, aliomba kushuka Tengeru. Aliwaaga wageni mmoja mmoja kwa mkono.

"Jumatatu uje uchukue barua yako," Allen alimwambia kupitia dirishani.

Agnela akawa mpishi wa hoteli. Alidhani angekosa usingizi, na alishangaa kwamba alilala vizuri. Alipata kofia nyeupe, na mtori wake ukaandikwa kwenye orodha ya chakula. Mwezi wa kumi na moja, kwenye siku yake ya mapumziko, alifunga kilo mbili za sukari na nyama kidogo, akaenda kumtazama Naftali.

Mke wake, Ndeshi, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Baba Hope ametueleza yote. Amesema ulimpa ishara mpaka ukachoka, yeye ndiye hakukutazama. Mungu akulipe kwa miaka yote ile uliyomfichia aibu."

Agnela alimgeukia Naftali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage, na hakuinua kichwa. Ndeshi alipokwenda jikoni kuchemsha chai, Agnela alisogea.

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Ulitaka nimwambieje? Ningeanza na lako, ningelazimika kulieleza na langu la sokoni." Aliendelea kupukuchua. "Na tena nina haja na wewe. Hope amemaliza kidato cha nne, huu mwaka wa pili yuko nyumbani. Anajua kupika. Mchukue jikoni kwako."

Hakumbembeleza. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya kikao. Chai ilipofika, Naftali mwenyewe alimwambia mkewe, "Agnela amesema atamsaidia Hope," na Ndeshi akaviweka chini birika na vikombe, akamshika Agnela mikono, akalia.

"Nitamwambia meneja," Agnela alisema.

Hope alisimama mlangoni, msichana mrefu mwenye paji la uso la baba yake. Alitoa shikamoo na kumtazama Agnela kwa shukrani, na macho hayo Agnela hakuweza kuyavumilia hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Aliyafikiria njia nzima. Aliyaona jikoni kila asubuhi, upande wa pili wa sufuria, yakimtazama hivyo hivyo mpaka siku baba mtu atakapoamua kusema.

Hakumwambia meneja. Ni Allen aliyemfuata jikoni, wiki mbili baadaye, wageni wa Krismasi walipoanza kujaa.

"Utahitaji msaidizi. Kuna mtu unamjua?"

"Simjui," Agnela alisema.

Wakamchukua mtu kutoka Moshi.

Hope alikuja getini mara tatu. Mara ya kwanza Koikai, mlinzi, aliambiwa amwambie kwamba Mama Agnela yuko likizo. Mara ya pili, kwamba anaumwa. Mara ya tatu ilikuwa mvua zile kubwa za mwaka ule, barabara ya Momela imekuwa tope tupu, na msichana alifika na viatu mkononi, miguu imejaa udongo hadi magotini. Koikai alipanda hadi jikoni huku maji yakimchuruzika.

"Yule binti amekuja tena, mama. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeacha kazi."

"Lakini amekuona hapo dirishani. Amekupungia mkono."

Agnela alikuwa anakata vitunguu. Alimaliza kimoja, akachukua kingine.

"Basi mwambie hapa hawaajiri watu wa kwao," alisema. "Mwambie meneja amesema hataki tena ukoo ule."

Koikai akashuka. Agnela hakwenda dirishani. Gari la mchana la kurudi Usa River lilikuwa limeshapita, na lingine siku hiyo halikuwepo.